"Tangulieni, Nitawakuta": Somo la Siku ya Mvua Mlimani



Kijana mwenzangu, Desemba inakuja. Kama unaijua Moshi, unajua maana yake. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa, watu wanarudi nyumbani kula Krismasi na wazazi, na vijana waliopotezana mwaka mzima wanaonana tena: kanisani, kwenye jumuiya, kihambani kwa bibi. Na kwenye makundi mengi ya vijana wa parokia, hapo ndipo mtu mmoja anapoandika kwenye WhatsApp: "Jamani, likizo hii tupande mlimani hata siku moja."

Hapa hatuzungumzii kilele. Uhuru iko mita 5,895, safari yake ni ya siku kadhaa na inataka pesa ndefu. Vijana wengi wanaweza kumudu matembezi ya siku moja: kuingia lango la Marangu asubuhi, kupanda msituni kama kilomita 8 hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, kupumzika kidogo, kusali, kupiga picha, halafu kushuka siku hiyo hiyo. Wazo zuri kabisa. Ila Desemba mvua za vuli mara nyingi bado zipo, na mlima haujui kwamba ninyi mmekuja kwa likizo.

Somo hili ni kwa ajili ya siku kama hiyo. Linahusu sentensi moja inayosikika kwenye karibu kila kundi linalopanda, hasa mvua ikianza. Anayeisema yuko nyuma, anatabasamu, anapumua kwa shida kidogo: "Tangulieni, nitawakuta." Inasikika kama uungwana, si ndiyo? Naomba leo tuitazame vizuri, kwa akili na kwa Neno la Mungu, maana naamini ni sentensi ya hatari mlimani, na hata parokiani.

1. Kwanza tuijue mvua yenyewe

Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unaukuta mlima, unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, na mvuke ulioubeba unageuka mawingu, ukungu na mvua. Ndiyo maana upande wa kusini, kule Kibosho, Kilema na Marangu, ni kijani mwaka mzima, na ukanda wa msitu ndio unaopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine za mlima. Mjini Moshi jua linaweza kuwa linachoma, na saa hiyo hiyo msituni mbega wamejikunyata juu ya miti kwa mvua.

Usiilaani mvua hiyo kwa sababu imeharibu picha zako. Mababu wa Kichagga walichimba mifongo, ile mifereji ya kushusha maji kutoka mito ya mlimani hadi vihambani, na watu walitumia maji kwa zamu na kuitengeneza kwa pamoja. Migomba inayokulisha inaishi kwa maji hayo. Kahawa iliyosomesha vizazi vya watoto wa Kilimanjaro inaishi kwa maji hayo, na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipanda huku. Maji yakizidi kushuka yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, yanazalisha umeme. Bwana wetu anatukumbusha katika Mathayo 5:45 kwamba Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mvua ni zawadi inayomfikia kila mtu, hata aliyekuja bila koti.

Lakini zawadi hiyo ina ubaridi wake. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hali ya hewa inapoa kama nyuzi 6. Mandara iko juu ya mji wa Moshi kwa zaidi ya mita 1,700. Kwa hiyo unaweza kuondoka stendi umevaa fulana na ukakuta baridi iliyozidi ya mjini kwa nyuzi 10 au zaidi, tena umelowa, tena kuna upepo. Na hapo ndipo kundi linapoanza kujulikana ni kundi kweli au ni watu waliopanda daladala moja.

2. Neno la Mungu: Mwanzo 33:12-17

Fungua Biblia yako usome mistari hii sita polepole kabla hujaendelea.

Unakumbuka habari yenyewe. Yakobo alimdanganya kaka yake Esau, akakimbia, akakaa ugenini miaka mingi. Sasa anarudi na wake, watoto na mifugo. Esau anakuja kumlaki na watu 400, na Yakobo anaogopa. Badala ya vita, Esau anakimbia, anamkumbatia, wanalia wote wawili. Halafu Esau anatoa wazo: twende pamoja, nitafuatana nawe.

Jibu la Yakobo ndilo kiini cha somo letu. Anamwambia Esau kwamba watoto ni wadogo na hawana nguvu, na kuna kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo yeye atakwenda taratibu, kwa mwendo wa mifugo na kwa mwendo wa watoto.

Tazama mambo matatu.

Jambo la kwanza: Yakobo anapima mwendo wa safari kwa aliye dhaifu zaidi. Alikuwa na watu wazima wenye nguvu kwenye msafara ule, lakini hakuuliza wao wanaweza kwenda kasi gani. Aliuliza mtoto anaweza kwenda kasi gani, na mama anayenyonyesha anaweza kwenda kasi gani. Hata waongoza watalii wetu, na ile "pole pole" yao ambayo wageni wanarudi nayo hadi Ulaya, wanajua hekima hii.

Jambo la pili: Yakobo mwenyewe alikuwa anachechemea. Rudi sura moja nyuma, Mwanzo 32:31. Usiku uliotangulia alishindana na Mungu pale Yaboki, akatoka na baraka, lakini pia akatoka na nyonga iliyoteguka. Yaani yule aliyewajali wenye mwendo mdogo ni mtu aliyekuwa na maumivu mguuni asubuhi ile. Kijana ambaye hajawahi kuchoka, kufeli, kuachwa au kuugua, mara nyingi haoni kwa nini mwenzake yuko nyuma. Aliyechechemea anaona. Kama una jeraha maishani, usidhani limekuondolea sifa ya kuongoza wenzako. Huenda ndilo litakalokufanya ugeuke kuangalia nyuma.

Jambo la tatu linapitwa na wasomaji wengi. Yakobo anamwambia Esau atangulie, naye atamfuata mpaka Seiri. Esau anajaribu mara moja zaidi: basi nikuachie baadhi ya watu wangu. Yakobo anakataa kwa adabu, ya nini usumbufu? Esau anakubali, anaondoka siku ile ile. Sasa soma mstari wa 17. Yakobo hakwenda Seiri. Alikwenda Sukoti, akajenga nyumba huko. Aliyesema "tangulia, nitakuja" hakuja.

Sababu zake tuwaachie wataalamu wa Maandiko. Labda bado aliogopa, labda alichoka. Sisi tubaki na onyo hili: ndugu wawili waliokuwa wametoka kulia mikononi mwa mmoja na mwenzake waliachana njia siku hiyo hiyo, kwa maneno ya heshima kabisa. Hakukuwa na ugomvi. Mmoja alisema tangulia, mwingine akatangulia.

3. Kwa nini "niko poa" haitoshi

Turudi msituni. Chukua kundi la vijana 18. Wanne wamezaliwa huko huko juu, wamezoea kupanda na kushuka tangu shule ya msingi. Wengine wametoka Dar juzi, mapafu yao yamezoea usawa wa bahari. Mvua imeanza saa nne asubuhi. Walio mbele wanasikia baridi wakisimama, kwa hiyo hawasimami. Nyuma kabisa kuna binti mmoja amevaa jinzi na raba za kitambaa, zote zimelowa chapachapa. Wanamuuliza kwa kupaza sauti: "Vipi, uko sawa?" Anajibu: "Niko poa! Tangulieni, nitawakuta."

Hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo kila kijana anayepanda anapaswa kulijua. Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mtu yuko kwenye hatari inayoitwa haipothemia, yaani mwili unapoteza joto haraka kuliko unavyolitengeneza. Haihitaji barafu. Mvua, upepo, nguo za pamba zilizolowa, njaa na uchovu vinatosha.

Dalili zake zinakuja kwa mpangilio. Mtu anatetemeka. Vidole vinashindwa kufunga zipu. Anaanza kujikwaa, maneno yanavutika kama ya mlevi. Anakuwa kimya, au mkali bila sababu, au hajali tena chochote. Na kama kutetemeka kumekoma wakati bado ana baridi na anazidi kulegea, hali imekuwa mbaya sana.

Umeona tatizo? Baridi hiyo hiyo inayomdhuru inaharibu pia uwezo wake wa kujitambua kwamba anadhurika. Kwa hiyo "niko poa" ya mtu aliyelowa na kuachwa nyuma si ushahidi wa kutosha. Anayejua hali yake ni yule anayetembea pembeni yake na kumtazama usoni. Kupiga kelele kutoka mbele hakuoni midomo iliyobadilika rangi.

Ikitokea, fanyeni hivi. Simameni wote. Mtoeni kwenye mvua na upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mvalisheni kavu, kofia pia, mfunikeni pamoja na mtu mwingine mwenye joto. Kama ana fahamu zake na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimpe pombe hata kidogo, kwa sababu inaleta hisia ya joto huku ikiutoa ule moto wa mwili nje. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Mwambieni mwongozaji awaite askari wa hifadhi, na mipango ya kwenda juu iishie hapo.

4. Wawili waliopanda na wenzao

Kanisa lina watakatifu waliopenda milima, na wawili kati yao wana la kutufundisha hapa.

Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino, Italia, mwaka 1901, katika familia yenye uwezo mkubwa. Baba yake alikuwa mwenye gazeti na baadaye balozi. Alipenda kupanda milima ya Alpi na marafiki zake, na mwaka 1924 waliunda kundi lao wakaliita kwa utani jina lenye maana ya "watu wa kutiliwa shaka". Walicheka sana, walisali, walipanda pamoja. Siku za kawaida Pier Giorgio alikuwa anatembelea maskini, mara nyingine akitoa hata nauli yake na kurudi nyumbani kwa miguu. Tarehe 7 Juni 1925 alipanda kwa mara ya mwisho, na kwenye picha ya siku hiyo aliandika kwa mkono wake maneno yenye maana ya "kuelekea juu". Vijana Wakatoliki dunia nzima wanayajua maneno hayo, wameyachapa kwenye fulana.

Yaliyofuata hayachapwi kwenye fulana. Wiki chache baadaye aliugua polio. Nyumbani bibi yake alikuwa anakufa, familia yote ilikuwa upande huo, na yeye hakutaka kuwasumbua na maumivu yake. Walipokuja kutambua, ilikuwa imechelewa. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24. Hata akiwa amepooza, aliandika kwa shida kikaratasi kuhusu dawa ya maskini mmoja aliyekuwa anamsaidia. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu, siku moja na Carlo Acutis.

Tunamheshimu kwa moyo ule wa kujisahau. Na tujifunze pia kutoka upande wa pili wa habari hii: mtu mwema, mchangamfu, mwenye nguvu kuliko wote kundini, anaweza kuwa ndiye anayeumia bila mtu kujua. Msiwaangalie tu wale wanaoonekana dhaifu.

Wa pili ni Mtakatifu Yohane Paulo II. Akiwa padre kijana huko Kraków, Poland, alikuwa anaondoka na wanafunzi wa chuo kwenda milimani na mitoni. Serikali ya kikomunisti haikuruhusu mapadre kuongoza makundi ya vijana namna hiyo, kwa hiyo alivaa nguo za kawaida na wale vijana wakawa wanamwita "Mjomba". Waliadhimisha Misa huko huko porini, wakati mwingine juu ya mtumbwi uliogeuzwa ukawa altare. Safarini alizungumza na kijana mmoja mmoja kuhusu masomo, uchumba, imani, mashaka. Mwaka 1958 ujumbe wa kuteuliwa kuwa askofu ulimkuta akiwa kwenye safari kama hizo. Huyu ndiye aliyemtangaza Frassati kuwa mwenyeheri tarehe 20 Mei 1990, na Septemba ya mwaka huo huo akaja Tanzania na kufika hapa kwetu Moshi.

Yule padre angeweza kuhubiri kwa kundi zima na kumaliza. Alichagua kutembea bega kwa bega, na hapo ndipo vijana walisema ukweli. Nadhani unajua kwa nini. Mtu anayetembea hahitaji kukutazama machoni, na mvua ikinyesha kila mtu amejifunika kofia. Maneno yanatoka.

5. Kugeuka pamoja

Sasa tufike kwenye uamuzi mgumu. Saa sita na nusu mchana. Mandara iko karibu, labda nusu saa. Mvua imezidi, njia imekuwa tope, na yule binti wa raba anatetemeka. Kuna watakaosema: "Yeye akae hapa na mtu mmoja, sisi tumalize." Wamelipa kiingilio, wamechanga nauli, na pengine mtu ameshaahidi picha.

Soma Luka 24:13-35. Wafuasi wawili wanatoka Yerusalemu kwenda Emau. Kwa lugha ya safari, hao wamegeuka kabla ya wakati. Wamekata tamaa, wanaondoka mahali ambapo habari njema iko. Na Yesu mfufuka anafanya nini? Anawakaribia, anatembea nao kuelekea upande usio sahihi, kwa mwendo wao, akiwauliza na kuwasikiliza. Hakuwaambia "nitawasubiri Yerusalemu". Alikaa nao mpaka mkate ulipomegwa, na mioyo yao ilipowaka waligeuka wenyewe usiku ule ule. Papa Fransisko, katika waraka wake kwa vijana Christus Vivit wa mwaka 2019, aliitumia habari hii kuonyesha jinsi Kanisa linavyopaswa kutembea na vijana.

Kwa hiyo kundi la Kikristo likigeuka lote kwa ajili ya mmoja, halijashindwa safari. Limefika mahali ambapo Yesu alikuwepo. Mandara itakuwepo mwakani. Binti yule, na imani yake kwamba ana ndugu, hiyo ndiyo inaweza isiwepo mwakani.

Naelewa kwamba si rahisi. Wenye nguvu nao wana haki ya kufurahia nguvu zao. Mungu ndiye aliyewapa. Ndiyo maana makubaliano yafanyike mapema, langoni, kila mtu akiwa mkavu na ana akili zake: saa ya kugeuka ni ipi, na ni dalili gani zikionekana kwa yeyote tunashuka wote. Wanaotaka kwenda kasi wapange siku yao nyingine. Uamuzi uliofanywa langoni unamwokoa aliye nyuma asionekane mzigo, na unamwokoa aliye mbele asiwe na hasira.

6. Parokiani nako mvua inanyesha

Sasa nikuulize. Kwenye kwaya yenu, kwenye VIWAWA yenu, kwenye kundi lililopata Kipaimara pamoja, ni nani alisema "tangulieni, nitawakuta"?

Huenda ni yule aliyefeli kidato cha nne akaona aibu kukaa na wenzake wanaozungumzia vyuo. Huenda ni binti aliyepata mimba akaacha kuja Misa ya vijana. Huenda ni kaka anayeendesha bodaboda Jumapili asubuhi kwa sababu mama yake anadaiwa kodi. Huenda ni yule mchangamfu anayechekesha kila mtu, anayelia peke yake usiku. Hakuna aliyewafukuza. Mliuliza kwenye kundi "vipi, uko sawa?", wakajibu kwa kidole gumba, mkaendelea kupanda.

Kama Esau, mliuliza mara mbili na mkaamini jibu.

Uchagani mtu anayetaka kupatana na mwenzake humpelekea jani la sale, na aliyepelekewa huona uzito wa kukataa. Ni jani tu, linaota kwenye mipaka ya kihamba, halina bei. Uzito wake ni kwamba mtu ametoka kwake akaja mpaka mlangoni pako. Rafiki aliye nyuma mara nyingi hahitaji mahubiri. Anahitaji mtu ashuke hadi alipo, akae, anywe chai, amuulize jina la mtoto, kisha arudi tena wiki ijayo. Kushuka kwako huko ndiko kupanda kwako.

Na kama wewe ndiye uliye nyuma unasoma haya, nakuomba kitu kimoja. Badilisha sentensi. Badala ya "tangulieni", sema "nisubirini". Ni neno gumu kwa kijana mwenye fahari yake, najua. Lakini Eliya mwenyewe, nabii mkubwa, alichoka akalala chini ya mti akitaka kufa (1 Wafalme 19:4-8). Mungu hakumkemea. Alimtumia malaika na mkate wa moto na maji, mara mbili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Kuomba kusubiriwa si dhambi.

7. Utaratibu wa kundi, siku ya mvua

- Tembeeni na mwongozaji anayetambuliwa na hifadhi, na mumtii akisema mshuke.
- Mwenye mwendo mdogo atembee mbele, ndiye apange kasi. Mtu mzoefu na mvumilivu awe wa mwisho, na asipitwe na mtu.
- Kila mmoja awe na mwenzake. Wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wafuasi (Marko 6:7). Mwenzako akisimama, unasimama.
- Acheni jinzi nyumbani. Sweta la sufu la mtumba kutoka soko la Memorial linafaa kuliko koti la fasheni la pamba. Koti la mvua, kofia, soksi za akiba, na nguo kavu moja iliyofungwa isilowe.
- Kula kabla hujasikia njaa: ndizi mbivu, karanga, mayai ya kuchemsha, chapati. Chupa za chai ya moto ziwe angalau mbili kwa kundi.
- Muwe mmefika langoni kabla ya giza. Chini ya miti na ukungu, jioni inaingia mapema.
- Kabla ya kuanza, salini. Njiani, fungu moja la rozari linatosha. Anayeongoza awe aliye nyuma, na wote watalazimika kuwa karibu ili wamsikie.

Maswali ya kutafakari

1. Kwenye kundi langu, mimi huwa natembea wapi: mbele, katikati au nyuma? Kwa nini?
2. Ni jeraha gani nililonalo ambalo linaweza kunifanya nimwelewe mwenye mwendo mdogo?
3. Ni lini mara ya mwisho niliamini "niko poa" ya mtu kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kwangu?

Zoezi la wiki

Andika jina la mtu mmoja aliyeacha kuja. Usimtumie ujumbe. Mtembelee, mkiwa wawili. Msimwalike popote siku hiyo. Kaeni naye tu. Kisha mpange siku ya kurudi.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulitembea na wafuasi waliokata tamaa na hukuwaacha njiani. Utupe miguu inayojua kusubiri na macho yanayotazama nyuma. Uwalinde wote wanaopanda na kushuka mlima huu, waongozaji, wapagazi na wageni. Wenzetu waliobaki nyuma kwenye mvua ya maisha, utupeleke kwao kabla hawajapoa. Nasi tukichoka, utupe unyenyekevu wa kusema "nisubirini". Mama Maria, uliyekwenda kwa haraka milimani ili ukae na Elizabeti, utuombee. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Mtakatifu Yohane Paulo II, utuombee. Amina.

Nawatakia likizo njema na mvua ya baraka. Mkienda mlimani, mrudi wote.